Ushanga wa Kiti cha Dereva

Mama yangu, Inshirah wa Bulaq, haamini kwamba chumvi ni chumvi mpaka aionje, na akishaionja humuuliza mwenye duka ameichanganya na nini. Simsengenyi. Haya nimeshamwambia usoni, naye hunijibu kwa methali anayoipenda kuliko zote, kikulacho ki nguoni mwako, kisha huendelea na kazi yake. Kazi yake ni kushona viti vya magari. Alifundishwa na babu yangu, Fundi Metwalli, katika duka lilelile la mlango mmoja analolifungua mpaka leo kwenye kichochoro chetu hapa Cairo. Mteja akimwachia kiti, yeye hukipiga alama ya chaki kwa chini, mtu asije akarudi kudai kuwa kabadilishiwa.

Kwa hiyo watu wa maonyesho ya magari ya zamani walipompigia simu kumwalika akae kwao siku tatu kwenye kona ya mafundi, ashone watu wakimtazama, hakufurahi kama ambavyo mtu mwingine angefurahi. Aliniuliza nani atailinda cherehani yake, kwa nini wamchague yeye na mafundi wamejaa mji mzima, na picha watakazompiga zitapelekwa wapi. Mimi ni mwalimu wa jiografia lakini sijui zinakopelekwa picha. Nilimwambia wanataka kuona mikono yake tu. Akasema ndicho hicho kinachomtia shaka.

Tulikwenda. Cherehani ilifungwa kwenye mguu wa meza kwa mnyororo wa baiskeli na kufuli mbili. Chai tulikwenda nayo kwenye chupa, maana chai ya maonyesho hujui imechemshiwa wapi. Uwanja wa klabu ulikuwa umegawanywa kwa mahema, kila hema na habari yake: hapa magari ya zama za wafalme, marefu na meusi, pale magari yaliyoonekana kwenye sinema, kule pikipiki za kazi, zilizobeba maziwa na magazeti na mitungi ya gesi. Mkabala na meza yetu palikuwa na hema la magari ya maharusi. Yalikuwa sita, yamefungwa riboni na maua ya plastiki, na kipaza sauti kilipiga ngoma za harusi tangu asubuhi, hata kilipozimwa tukawa bado tunazisikia.

Mama alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, akaacha. Sindano ikabaki hewani na uzi mdomoni.

"Nashwa," aliniambia, "lile la kijani."

Lilikuwa Fiat dogo la kijani cha mnanaa, viti vyake rangi ya tende. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nyumbani kwetu gari hilo ni kama jamaa aliyekufa vibaya: halina picha ukutani, na hakuna Idi inayopita bila kutajwa.

Babu alilinunua likiwa mkweche usio na kiti hata kimoja, akalifufua kwa miezi minane. Viti alivishona mwenyewe. Alikuwa mashoto, kwa hiyo mishono yake ililalia kushoto, na ya mafundi wengine wote hulalia kulia. Mama huitambua akiwa ng'ambo ya barabara. Na kama alivyofanya kwa kila gari lililopita dukani kwake, alishona ushanga wa buluu ndani ya kiti cha dereva, kwenye kona ya nyuma, kinga ya kijicho. Kwetu ushanga ni wa mwenye gari, si wa gari. Mtu akitaka kuuza, huja kwanza kwa fundi, mshono hufumuliwa, naye huondoka na ushanga wake, kwa sababu ni nani mwenye akili zake anayeuza kinga yake? Wezi hawayajui hayo. Gari la wizi huondoka na ushanga ndani.

Mama alikuwa apelekwe kwa mumewe ndani ya gari hilo. Siku kumi kabla ya harusi, babu aliingia ndani akasema gari limeibwa. Bibi harusi alikwenda kwa baba yangu katika gari la muuza mboga, amekaa na shela lake katikati ya harufu ya vitunguu, na mpaka leo hapendi mtu acheke hadithi hiyo kabla yeye hajacheka.

Miezi miwili baada ya harusi, mdogo wake, Lutfi, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alitokea kichochoroni na pikipiki yenye kigari cha pembeni. Kuukuu, lakini pikipiki. Mama alikuwa amekuja kusalimia. Alijumlisha moja na moja palepale, akatoka mlangoni, akamwita mwizi mbele ya watu wote: mbele ya kinyozi, mbele ya muuza maharage na mkewe Sikina, mbele ya wateja. Alisema ameliuza gari la baba yake na kuivunja harusi ya dada yake ili apande chuma. Lutfi alimtazama babu. Babu alikuwa amesimama mlangoni na sindano mdomoni, na hakusema neno. Mama aliuchukua ukimya ule kuwa ushahidi.

Baridi ya mwaka ule babu akafa ghafla. Kwenye matanga mama aliwaambia wanaume wa ukoo kwamba Lutfi asisimame kwenye mstari wa wafiwa wanaopokea rambirambi. Lutfi alikaa na wageni, akanywa kahawa yake chungu, akaondoka, na tangu siku hiyo akaishi Port Said. Miaka arobaini na mitatu. Mimi nilimwona mara moja tu, siku ya mazishi ya baba, amesimama mbali kidogo na kaburi kama mtu aliyepotea njia.

Sasa turudi uwanjani. Adhuhuri ya siku ya kwanza, mama akiwa hajashona hata shubiri moja kwa kulichunga gari la kijani, alitokea mzee mwembamba kutoka hema la pikipiki za kazi. Alimpa mkono mwenye gari, wakazungumza, na mwenye gari akamfungulia mlango. Mzee akakaa kwenye kiti cha dereva. Mkono wake wa kulia ukaenda nyuma, ukapapasa ile kona.

"Mwizi na mnunuzi wa wizi," mama alisema taratibu. "Wamekutana wapi, kama si hapohapo walipoachana?"

Ndipo nilipojua kuwa yule ni mjomba wangu.

Nilimwambia labda ni bahati tu, watu wa pikipiki za zamani na watu wa magari ya zamani huenda maonyesho yaleyale. Mama alinitazama kwa huruma. Kuanzia hapo nikawa mpelelezi bila kupenda. Alinituma nikasome kibao kilichosimama mbele ya gari. Kilisema gari ni la familia ya Daktari Raafat, tabibu wa meno, na kwamba kwa miaka arobaini na mitatu limebeba maharusi kumi na wanne wa familia hiyo.

"Kumi na wanne," mama alisema. "Na mimi si mmoja wao."

Alinituma nikapite karibu yao nisikilize wanazungumza nini. Walikuwa wakizungumza habari za matairi, kwamba ya saizi ile hayapatikani ila kwa mtu mmoja mjini Tanta. Mama akasema hayo ni mafumbo. Alinituma nikaiangalie pikipiki ya mjomba. Nilikuta ni ileile ya hadithi za mama, nyeusi, imepakwa rangi upya kwa brashi, na kibao chake kikisema ilibeba barafu ya soko la samaki miaka thelathini. Kiti cha kigari kilikuwa kimechanika. Kwenye usukani palining'inia ushanga wa buluu, umepauka mpaka unakaribia weupe. Nilimweleza mama habari za ushanga. Akasema nusu ya Misri imetundika ushanga, nimletee habari na si mapambo.

Mjomba aliniona nikiikagua. Hakuniuliza mimi ni nani. Alinipa kiti, akanimiminia chai, na alipoona ninasitasita kuinywa akatabasamu, akasema hiyo inatosha kumjulisha mimi ni binti wa nani. Niliona haya. Niliinywa yote, na sikumwambia mama.

Siku ya pili mjomba alikwenda tena kulitazama gari, na mama akafikia uamuzi wa kukifumua kile kiti. Hoja yake ilikuwa hivi: ushanga umo ndani ya kiti, na Lutfi anautafuta autoe, kwa sababu ndio shahidi pekee. Nilimuuliza, je, kama ameshautoa siku zile alipoliuza?

"Lutfi hajawahi kushika sindano ikamsikia. Kama alifumua yeye, mshono utakuwa umelalia kulia na umekwenda upogo. Nitaujua mkono wake." Alikunja kitambaa alichokuwa akishona, akakilaza juu ya meza. "Ama ushanga umo, ama mkono wake umo. Popote pale namkuta."

Nilimsihi aache. Nilimwambia ana miaka sitini na mitano na yule ana sitini na zaidi, wamebakiwa na nini cha kugombea? Alinijibu kwamba mimi sijui kukaa juu ya vitunguu na shela kichwani. Nami nilikuwa na woga wangu ambao sikuuweka wazi: tangu nilipokunywa ile chai nilikuwa nataka mjomba huyu awe wangu, na niliogopa kwamba mama anasema kweli.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, aliondoka mezani na mkasi mdogo, sindano, uzi na kastabini kidoleni. Daktari Raafat, mtu mnene mwenye miwani na adabu nyingi, alisimama kumpokea.

"Karibu, Bi Haji. Nimekuwa nikitazama kazi yako, mashallah."

"Sijahiji, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Gari hili mlilipata wapi?"

Akamwambia ni la marehemu baba yake, ambaye alilinunua kwa mwenyewe. Mama akauliza mwenyewe ni nani. Daktari akasema mzee mmoja wa Bulaq, jina liko kwenye hati, na hati ziko nyumbani.

"Hati huandikwa na yeyote," mama alisema. "Mkono wa fundi hauigwi. Viti hivi alishona baba yangu. Nataka kufumua mishono mitano ya kona ile, na nikimaliza nitashona usijue kama niligusa."

Nilidhani atamfukuza. Lakini daktari alizitazama zile simu zilizoanza kunyanyuliwa na watu, akaitazama mikono ya mama, na nadhani hamu ilimshinda. Akasema sawa. Mama akanigeukia. "Mwite mjomba wako aje aone."

Kwa miaka yangu yote sikuwahi kumsikia akimwita mjomba wangu. Nilikwenda. Mjomba alikuwa akifuta taa ya pikipiki. Alinisikiliza, akakikunja kitambaa mara nne, akaja nyuma yangu bila haraka. Watu walikuwa wamefika thelathini hivi. Mama alimnyooshea mkasi.

"Ndani ya kona hii mna ushanga wa buluu," aliwaambia watu. "Mkiuona, jueni gari hili liliibwa kwa Fundi Metwalli. Na aliyeliiba ni huyu, ndugu yangu, tumbo moja."

Watu wote walimgeukia. Mjomba alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekubali bei.

"Fumua, dada," alisema.

Mama alipiga magoti kwenye mlango wa gari, akavaa miwani. Nilikuwa nyuma yake, karibu, kwa hiyo niliona kilichotokea kabla ya wengine. Aliinamisha kichwa kwenye kona, akapitisha ukucha juu ya mishono, na ukucha ukasimama. Kona ile ilikuwa imeshawahi kufumuliwa. Uzi wake ulikuwa mweusi zaidi kuliko wa kiti kizima. Na mishono, ilikuwa midogo, imebanana, imenyooka kama mstari wa daftari. Yote ililalia kushoto.

Angeweza kuinuka pale. Hakuinuka. Sijui kama alikuwa bado na tumaini au alitaka kujiadhibu. Alikata mishono mitano mmoja mmoja, akaingiza kidole. Niliona masikio yake yanakuwa mekundu. Alikaa vile kwa muda mrefu, kidole ndani ya kiti, mpaka watu wa nyuma wakaanza kuulizana kama kimenasa.

"Hamna," alisema mwishowe. "Pana kishimo ulipokaa."

Daktari Raafat alijigonga paji la uso. Akasema kumbe ndiyo hiyo kona. Marehemu baba yake alikuwa akisimulia kila harusi: kwamba siku ya kuuziana, yule mzee aliomba akae peke yake garini kidogo, akatoa sindano mfukoni, akafumua kiti na kukishona tena kwa mkono wa kushoto, kisha akaondoka kwa miguu na hakugeuka. Mama yake daktari aliamini kwamba mzee amewazikia uchawi humo. Miaka arobaini na mitatu hajakikalia kiti cha mbele.

Watu walicheka. Mama hakucheka. Alitunga uzi, na safari hii tundu la sindano lilimpotea mara tatu. Alishona ile kona polepole kuliko nilivyowahi kumwona akishona, mishono yake ikilalia kulia pembeni ya mishono ya baba yake. Alipomaliza nilimsaidia kusimama. Watu walikuwa wameanza kutawanyika, kwa kuwa hakuna mwizi wa kupiga picha.

"Aliuza mwenyewe," mama alimwambia Lutfi.

"Aliuza mwenyewe."

"Kwa nini?"

Mjomba aliwatazama wale watu wachache waliobaki. Akasema, njoo tunywe chai. Hapo ndipo nilipomheshimu kwa mara ya kwanza, kwani alikuwa amefedheheshwa mbele ya watu thelathini, na bado hakutaka kumjibu mbele yao.

Tulikaa nyuma ya pikipiki. Mama alipewa kikombe, akanywa bila kuuliza maji yametoka wapi, nami nikaogopa kuliko kama angelia. Mjomba alimuuliza kama anakumbuka vyombo vyake vya harusi, ambavyo kwetu hununuliwa na baba wa bibi harusi. Nani asiyevikumbuka? Vilipitishwa mtaani juu ya mkokoteni kama ada, jokofu, jiko, magodoro, sufuria za seti nzima, na kila dirisha lilikuwa na mtu. Baadhi ya sufuria hizo zipo mpaka leo. Mimi nimelelewa nazo.

"Baba alisema zamu yake ya upatu imefika," mama alisema.

"Upatu na nani?"

Mama alikizungusha kikombe mkononi.

"Baba alikuwa akizihesabu sindano kabla ya kwenda kuswali. Yeye ampe mtu fedha yake amshikie? Wewe mwenyewe, binti yake, umewahi kucheza upatu hata siku moja?"

Hajawahi. Ameombwa na nusu ya Bulaq na wote amewajibu kwamba fedha ikitoka nyumbani hurudi na hadithi.

Basi mjomba akaeleza. Siku kumi kabla ya harusi, wakwe wametuma salamu kwamba watakuja kuvitazama vyombo, na babu hana hata birika. Akaliuza gari. Akasema limeibwa, ili mama asikatae, na ili upande wa baba yangu wasipate la kumsimanga kwamba vyombo vya bibi harusi vimenunuliwa kwa kuuza gari la baba yake. Lutfi peke yake ndiye aliyejua, kwa sababu alimfuata babu siku ile na kumkuta akirudi kwa miguu. Babu alimpa ushanga. Na siku ya matukano kichochoroni, jioni, alimshika mkono, akamwambia avumilie mpaka Inshirah apate mtoto wa kwanza, hapo atakuwa ameota mizizi kwa mumewe, na yeye babu atasema mwenyewe mbele ya watu walewale.

Mtoto wa kwanza ni mimi. Babu alikufa miezi miwili kabla sijazaliwa.

"Na pikipiki?" mama aliuliza. Nilitamani asingeuliza.

"Miaka miwili nilibeba magunia ya unga kwenye tanuri la mkate, dada. Ungeniuliza ningekwambia. Wewe ulitangaza."

"Ungesema baadaye. Miaka yote hii."

"Nilikuja kusema siku ya matanga, ukanitoa kwenye mstari. Tena ningekuonyesha nini? Ushanga?" Aliugusa pale usukanini kwa kidole kimoja. "Ungesema na huo nimeuiba."

Mama aliutazama ule ushanga. Angesema hivyo hivyo. Sote watatu tulijua.

"Ulimshuku kila mtu," mjomba alisema, wala hakupandisha sauti. "Muuza chumvi, mimi, mpaka mumeo. Sufuria zako tu ndizo hukuzishuku."

Mama alikiweka kikombe chini na kulia. Si kilio cha kujifunika uso kwa kiganja. Alilia wazi, mikono magotini. Mimi nilikuwa na hasira, na sijui mpaka leo niigawanye vipi: nilimkasirikia babu kwa ukimya wake, nikamkasirikia mama kwa ulimi wake, nikajikasirikia mwenyewe niliyekula chakula cha sufuria zile bila kuuliza. Mjomba alimwacha amalize. Hakumkumbatia, na hakumwambia yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha. Mkewe amekufa, watoto wake wameoa, na sisi hatukuwapo hata siku moja.

Alipomaliza, mama alijifuta kwa pindo la kitambaa cha kichwa, akauliza swali la kazi.

"Nilikutukana mbele ya watu. Waliokuwapo siku ile, nani amebaki?"

Wakahesabu. Kinyozi amekufa. Muuza maharage amekufa. Wateja, Mungu awajua. Amebaki Bibi Sikina, mjane wa muuza maharage, ambaye bado anakaa chumba cha chini na kumenya vitunguu saumu dirishani.

"Mmoja anatosha kuanza," mama alisema. "Twende."

Mjomba akamwambia maonyesho hayajafungwa, pikipiki haziruhusiwi kutoka kabla ya alasiri. Mama akamwendea mlinzi wa lango. Sikusikia alichomwambia, lakini lango lilifunguliwa. Kabla ya kuingia kwenye kigari aliinama, akazitikisa nati zinazokishikilia moja baada ya nyingine kwa mkono wake, akakipapasa kile kiti kilichochanika, akauliza kama breki zinakamata.

"Zinakamata, dada."

"Zinakamata kweli, au unasema tu?"

Nilifunga meza na cherehani, nikachukua teksi, nikawafuata. Kwenye daraja niliwaona mbele yangu katikati ya magari, mama amekaa wima ndani ya kigari, mkoba kaubana kifuani kwa mikono miwili. Watu wa mji huu wakiona jambo la ajabu hupiga honi. Dereva mmoja wa basi dogo akaanza ule mdundo wa honi za harusi, na mwingine akamjibu, na mwingine. Mama hakugeuka kuwatazama.

Nilipofika kichochoroni walikuwa wameshasimama mbele ya dirisha la Bibi Sikina. Ana miaka tisini kasoro na masikio yamemwacha zamani. Aliinua macho kutoka kwenye sinia la vitunguu saumu, akamtazama mama, akamtazama mzee aliyeshika kofia ya pikipiki.

"Bibi Sikina," mama alisema, "nimekuja kukwambia kwamba Lutfi hakuiba."

"Nini?"

"Lutfi hakuiba gari. Baba aliliuza kwa ajili yangu."

"Sikusikii, mwanangu. Nani kaibiwa?"

Kinyozi wa sasa alitoka mlangoni na wembe mkononi. Juu, madirisha mawili yakafunguka. Mama alivuta pumzi, akaushika mkono wa ndugu yake, akapaza ile sauti aliyoitumia miaka arobaini na mitatu iliyopita, mahali palepale.